Kona Iliyopungua

Boila ya shule ilipasuka Jumanne,
maji yakaganda bombani kabla ya kengele ya pili,
na mkuu akasema: nendeni makwao, mtasomea simuni.
Naryn, Januari. Nje ni hasi ishirini na tisa,
namba ambayo wanafunzi wangu
hawajawahi kuikosea ishara.

Saa tatu usiku niliwatumia swali moja:
x mara x, jumlisha sita mara x,
ni sawa na kumi na sita.
Msinipe jibu, niliandika. Nipeni njia.

Kimya.
Kimya cha darasani nakijua, kina macho yanayotazama viatu.
Hiki hakikuwa na macho.

Eldiyar akatangulia, kama kawaida yake:
*Mbili.*
Jibu uchi, halina hata shati.
*Umekisia,* akamwambia Janyl.
*Nimejaribu, imekubali.*
*Na ingekuwa kumi na saba?*
Eldiyar akatoweka,
nadhani alikwenda kuongeza makaa.

Kisha, saa nne na dakika arobaini, Tolkun.
Tolkun wa nyuma, karibu na misumari ya makoti,
ambaye kwa miaka miwili sauti yake nimeisikia
ikisema "nipo" na si zaidi.
*Kitabu kinasema tuongeze tisa pande zote.
Tisa imetoka wapi?*

Kuuliza si ujinga: tumeliandika ukutani kwa rangi ya buluu,
lakini nani huuliza mbele ya watu thelathini
na mmoja wao ni binamu yake?

Nikaanza kuandika: nusu ya sita ni tatu, tatu mara tatu…
Nikafuta.
Nikaandika tena. Nikafuta.
Mkono wangu wa chaki uliwasha.
Nikaukalia.

Aliyejibu ni Syrgak,
Syrgak wa thelathini na moja kwa mia,
anayechunga kondoo wa baba yake hadi giza liingie
na kuandika maneno yasiyo na irabu.
Hakuandika. Alituma picha:
sakafu ya mbao, na juu yake
kipande cha mraba cha zulia la bibi yake, chekundu;
kulia kwake ukanda mweusi, upana vidole vitatu;
chini yake ukanda mwingine, sawa na ule.
Na pale kanda mbili zilipotaka kukutana
palikuwa na mbao tupu.
*Bibi anasema zulia lisilo na kona si zulia.
Kona inataka tatu kwa tatu.*

*Aa,* akaandika Tolkun.

Dakika nzima. Kisha:
*Kumi na sita na tisa, ishirini na tano.
Upande mzima ni tano. Toa tatu. Mbili.
Janyl, ya kwako ni ishirini na sita.
Kipeuo chake hakina mwisho, ila zulia lipo.*

Eldiyar akarudi na moto wake:
*Mbona hasi nane nayo inakubali?
Nani atashona zulia lenye upande hasi nane?*
Hapo pakachafuka. Wengine wakasema ni deni la manyoya,
wengine ni shimo, Janyl akasema hesabu haina habari na mazulia,
ujumbe mia na kumi na nne,
na wangu mmoja tu, alama ya kuuliza,
hadi Syrgak alipoandika kwamba bibi anataka taa izimwe.

Jumatatu boila ilipona.
Wakarudi na viatu vyao, na macho yao juu ya viatu.
Nilichora mraba ubaoni, kanda mbili, nikaacha kona,
nikaweka chaki ukingoni mwa meza, nikangoja.
Tolkun aliitazama chaki. Kengele ikalia.

Usiku, saa tatu kamili, simu ikawaka:
*Mwalimu, kona ya leo uliichora ndogo mno.
Haikuwa tatu kwa tatu.*